Kifo si siri ya hadithi fupi

Majarida ya fasihi ya mtandaoni yamezoea sasa kuweka ilani juu ya hadithi fupi. Kabla hujafika aya ya kwanza unaarifiwa kwamba ndani mna kifo, msiba, maradhi au kujiua. Baadhi ya wahariri humtaka mwandishi mwenyewe aorodheshe mambo hayo anapotuma kazi yake. Desturi hii imezua mabishano makali. Wanaoipinga wanasema inafichua kilele kabla ya wakati wake, na wanaoiunga mkono wanasema mtu aliyetoka kuzika juzi ana haki ya kujua anakaribishwa kwenye nini. Naona pande zote mbili zimekubaliana, bila kutambua, juu ya jambo ambalo si kweli: kwamba kifo katika hadithi fupi ni tukio lenye mahali pake ukurasani, ambalo mtu anaweza kulitaja, kulificha au kuliruka. Katika hadithi fupi iliyoandikwa vizuri kifo hakikai mahali pamoja. Ndicho kinachoamua ni sehemu gani ya maisha itaonekana na kwa ukubwa gani, na kazi yake kubwa hufanyika katika mistari ambayo watu wangali hai. Hilo ilani haiwezi kulifichua, wala haiwezi kumkinga mtu nalo.

Hadithi fupi na kifo vimeandamana tangu zamani, na sababu yake kwanza ni ya kiufundi. Riwaya ina nafasi ya kumzaa mhusika, kumlea, kumwoza na kumzika, na msomaji akakaa naye wiki nzima. Hadithi fupi haina nafasi hiyo. Edgar Allan Poe, katika uhakiki wake wa mwaka 1842 kuhusu visa vya Nathaniel Hawthorne, alishika jambo ambalo bado linauongoza utanzu huu: kisa kinachosomwa kwa kikao kimoja kinaweza kulenga athari moja, na kila neno liwe linaelekea huko. Ukiwa na maneno 3,000 tu huwezi kuonyesha maisha yote ya mtu. Unaonyesha saa moja, safari moja, alasiri moja, na lazima kuwe na kitu kinachomfanya msomaji ahisi kwamba saa hiyo imebeba uzito wa miaka. Kifo hufanya hivyo haraka kuliko kitu kingine chochote. Kikikaribia, mambo madogo hupanda thamani: kitufe cha shati, sauti ya mlango, maji yaliyobaki kwenye kikombe. Kwa sababu hiyohiyo kinatumiwa vibaya mno. Mwandishi aliyekwama katika ukurasa wa tisa hugundua kwamba ajali ya ghafla inafunga nyuzi zote bila kumdai jasho, basi anamuua mhusika wake na kuweka nukta. Hadithi ya namna hiyo kweli inaharibiwa na ilani, kwa kuwa haikuwa na kitu kingine cha kumpa msomaji isipokuwa mshtuko.

Ndiyo maana hoja ya kwamba ilani inafichua mwisho naiona dhaifu kuliko zote zinazotolewa. Leo Tolstoy alikiweka kifo katika jina lenyewe la kazi yake ya mwaka 1886, "Kifo cha Ivan Ilyich". Ni ndefu kuliko hadithi fupi ya kawaida, ina sura 12, lakini mpangilio wake unamfaa yeyote anayeandika kwa ufupi. Sura ya kwanza haimwachii msomaji hata chembe ya matumaini. Mahakimu wamo mapumzikoni, mmoja anasoma gazetini tangazo la kifo cha mwenzao, na kabla ya kusikitika kila mmoja anawaza nani atapandishwa cheo kujaza nafasi iliyoachwa. Mmoja wao, Pyotr Ivanovich, anakwenda nyumbani kwa marehemu kutoa pole. Wanamkalisha kwenye kiti kifupi cha mto chenye springi mbovu, kinachomrusha kila anapojisogeza, huku mjane akimdodosa namna ya kupata fedha zaidi kutoka serikalini kwa sababu ya msiba huo. Baada ya hapo sura 11 zinarudi nyuma na kutusimulia masomo, ndoa, vyeo na nyumba mpya. Ugonjwa wenyewe unaanzia kwenye mapazia: Ivan Ilyich anapanda ngazi kumwonyesha fundi jinsi anavyotaka yatundikwe, anateleza, anajigonga ubavuni. Kwa kuwa tumekwisha kuiona maiti, mapazia hayo yanatisha. Kama Tolstoy angekificha kifo hadi mwisho, sura za katikati zingebaki habari za mtumishi wa umma anayechagua samani.

Wapinzani wa ilani hupenda pia kusema kwamba raha ya msomaji hufa pale anapojua mwisho. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa hadithi fupi 12. Baadhi ya wasomaji walipewa kwanza aya inayofichua kitakachotokea, wengine wakasoma hadithi ilivyo. Kwa wastani hadithi zilizofichuliwa zilipendwa zaidi, zikiwamo zile zenye mwisho wa kushtukiza. Tafiti zilizofuata zilileta majibu yanayopingana na hayo, kwa hiyo siegemezi hoja yangu yote hapo. Linalobaki ni kwamba dai la uharibifu, ambalo husemwa kana kwamba halihitaji ushahidi, halijathibitika.

Hata hadithi inayoonekana kuwatetea zaidi, ukiitazama kwa karibu, inawageuka. "Hadithi ya Saa Moja" ya Kate Chopin, iliyotoka mwaka 1894, ina maneno elfu moja hivi na vifo viwili, kimoja cha uongo na kimoja cha kweli. Louise Mallard anapewa habari kwamba mumewe amekufa katika ajali ya treni. Analia, anajifungia chumbani peke yake, na mbele ya dirisha lililo wazi anagundua kwamba miaka inayokuja ni yake mwenyewe. Kisha mume anafungua mlango, mzima, hajui hata kwamba kulikuwa na ajali, na mke anaanguka na kufa. Madaktari wanasema ameuawa na furaha. Anayeiita hii hadithi ya kushtukiza aisome tena sentensi yake ya kwanza, ambamo Chopin anatueleza kwamba mwanamke huyu ana ugonjwa wa moyo na kwa hiyo habari inapelekwa kwake kwa tahadhari. Chanzo cha kifo kimewekwa mbele ya macho yetu kabla hatujamjua mtu. Rafiki wa mume, Richards, anatajwa mwanzoni kuwa amesubiri simu ya maandishi ya pili ili ahakikishe habari, na mwishoni ni yeye anayejaribu kumkinga mume asionekane na mkewe. Hakuna kilichofichwa. Jambo ambalo msomaji hakulitarajia liko katikati: kwamba habari ya msiba inaweza kumpa mtu uhai ambao ndoa ilikuwa imemnyima. Ilani ya "kifo" juu ya hadithi hii haifichui chochote cha maana, kwa kuwa kinachomshika msomaji ni zile dakika chache za kuishi.

Kuna mahali ninakubali kwamba wapinzani wana hoja, na mahali penyewe ni "Tukio kwenye Daraja la Owl Creek" ya Ambrose Bierce, ya mwaka 1890. Peyton Farquhar amesimamishwa juu ya daraja la reli akiwa na kitanzi shingoni, na mlio wa saa yake mwenyewe unamfikia kama nyundo ya mhunzi. Sehemu ya tatu, iliyo ndefu, inasimulia kamba ikikatika, mtu akizama mtoni, akikwepa risasi, akitembea usiku kucha hadi lango la nyumba yake. Sentensi ya mwisho inamrudisha chini ya daraja, shingo imevunjika. Aliyekwisha kuambiwa hasomi sehemu hiyo kwa pumzi ileile, na hiyo ni hasara ya kweli. Lakini hata hapa usomaji wa pili una utajiri wake: unaona jinsi Bierce alivyozipanua sekunde chache zikawa safari ya siku nzima, jinsi majani na wadudu wanavyoonekana kwa ukali usiowezekana kwa macho ya mtu wa kawaida. Utajiri huo haupatikani bila kujua kifo kiko wapi.

Hadithi ninayoiona inaonyesha uhusiano wa kifo na maisha kwa ukamilifu kuliko zote nilizotaja ni "Gusev" ya Anton Chekhov, iliyochapishwa Desemba 1890, muda mfupi baada ya mwandishi, aliyekuwa daktari, kurudi kwa meli kutoka kisiwa cha Sakhalin. Gusev ni askari aliyeachishwa kazi kwa ugonjwa wa mapafu, anarudishwa kwao kutoka Mashariki ya Mbali, amelala katika chumba cha wagonjwa melini pamoja na askari wengine na Pavel Ivanych, mtu aliyesoma na mwenye hasira dhidi ya kila dhuluma. Vifo ni vitatu. Cha kwanza kinampata askari aliyekuwa akicheza karata: anachanganya hesabu, anaziachia karata, analala sakafuni, wenzake wanamwita, Gusev anajaribu kumnywesha maji, kisha wanagundua kuwa hapumui. Cha pili ni cha Pavel Ivanych, ambaye mpaka muda mfupi kabla yake alikuwa akijigamba kuwa ana nafuu kuliko wenzake. Mchezo wa karata, joto na usingizi vinaendelea. Chekhov hampi hata mmoja wao hotuba ya kuagana.

Kifo cha tatu ni cha Gusev mwenyewe, na namna kilivyoandikwa kinastahili kusomwa na kila anayeandika hadithi. Gusev ameingiwa na hofu, ila si hofu ya kuzimu. Anaogopa kwamba kaka yake ni mlevi, kwamba bila yeye nyumbani mambo yataharibika na wazee watabaki kuombaomba. Baada ya hapo analala, na anaota mikate imetolewa sasa hivi kwenye tanuri la kambini, naye ameingia ndani ya tanuri hilo anajikanda kwa tawi la mti kama mtu aliye kwenye bafu la mvuke. Anasinzia siku mbili, na siku ya tatu adhuhuri mabaharia wawili wanashuka na kumtoa chumbani. Hakuna sentensi inayosema amekufa. Kitenzi kilichobeba kifo ni kumtoa, na wanaokitenda ni watu wawili walio kazini. Msomaji anaelewa kwa kuchelewa nusu sekunde, kama anavyoelewa mtu anayerudi na kukuta kitanda kimetandikwa.

Inayofuata ni orodha ya vitendo na vipimo. Anashonewa ndani ya turubai la tanga, na ili awe mzito wanamtilia vyuma viwili vya tanuri. Akiwa ameshonwa anafanana na karoti au figili, mpana kichwani na mwembamba miguuni. Kabla ya jua kuzama wanamlaza kwenye ubao, kasisi anasoma, baharia anainua mwisho wa ubao, na mwili unateleza ukitangulia kichwa. Watu wanarudi kwenye shughuli zao, na hapo mwandishi wa kawaida angeacha kuandika. Chekhov anaendelea kushuka na maiti. Kina cha bahari mahali pale, anasema, hutajwa kuwa versta nne, yaani zaidi kidogo ya kilomita nne. Kasi inapungua, mkondo unaubeba mwili upande, samaki wadogo wanaufuata, kisha papa anafika, anaugusa taratibu kwa meno, na turubai linachanika kuanzia kichwani hadi miguuni. Chuma kimoja kinachomoka, kinawatisha wale samaki, kinampiga papa ubavuni, kinazama. Juu, wakati huohuo, mawingu yanajikusanya upande wa machweo, moja kama lango la ushindi, jingine kama simba, la tatu kama mkasi, na bahari iliyokuwa imekunja uso inapokea rangi ambazo lugha ya binadamu haina majina yake.

Tuulize kifo kimefanya nini hapo. Hakikufunga kisa, maana kisa kimeendelea bila mhusika mkuu. Hakikumwadhibu mtu, maana Gusev hakuwa na kosa lililohitaji malipo. Kilichotokea ni kwamba mtazamo, ambao kwa kurasa zote ulikuwa umefungwa ndani ya joto na homa ya chumba kimoja, umefunguka ghafla ukameza bahari na mbingu. Maisha ya Gusev yalikuwa na upana wa kitanda. Kifo chake kina upana wa machweo, na machweo hayo hayamjui. Msomaji anabaki na mambo mawili kwa mara moja: kwamba mtu mmoja ni mdogo kiasi hicho, na kwamba hofu yake ya wazazi kuombaomba ilikuwa kubwa kuliko kitu kingine chochote ndani ya meli ile. Uzito wa turubai lililochanika unatokana na kaka mlevi na ndoto ya mikate. Ukivifuta viwili hivyo, unabaki na maelezo ya samaki.

Nageukia sasa watetezi wa ilani. Hoja yao nzito inahusu kujiua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wanahabari unashauri kutoeleza njia iliyotumika wala kukifanya kitendo kionekane suluhisho, kwa kuwa kuna watu walio katika hali ya hatari ambao maelezo hayo huwasukuma. Hadithi si habari, lakini msomaji aliye hatarini ni yuleyule. Mhariri anayeweka ilani iliyo wazi juu ya hadithi yenye maelezo ya kujiua, pamoja na njia ya kupata msaada, anafanya jambo ambalo sioni hoja ya kifasihi inayoweza kulishinda. Hapo naungana nao kabisa.

Wanapokosea ni wanapoupanua mkono wa ilani hadi ukagusa kila kifo, wakiamini kuwa kutajwa kwa kifo kunamkinga aliyefiwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 ukijumlisha tafiti za ilani za aina hii ulionyesha kwamba ilani haipunguzi maumivu ya msomaji anapokutana na kilichoonywa. Athari iliyojitokeza kwa uthabiti ni wasiwasi unaopanda wakati wa kusubiri. Nami naongeza sababu ya kifasihi. Chukua hadithi nyingine ya Chekhov, ya Januari 1886, kuhusu Iona Potapov, mzee anayeendesha kigari cha theluji cha farasi mjini Petersburg. Mwanawe amekufa wiki hiyo baada ya kulala hospitali siku tatu. Ndani ya hadithi hafi mtu. Iona anajaribu kumweleza abiria mwanajeshi, ambaye anamsikiliza kidogo kisha anafumba macho. Anajaribu kuwaeleza vijana watatu waliolewa, na mmoja anamjibu kwamba sote tutakufa. Anajaribu kwa mlinzi wa nyumba, anafukuzwa. Anajaribu kwa kijana mwenzake wa kazi, ambaye anajifunika na kulala. Ana mpangilio kamili kichwani wa anachotaka kusimulia: mtoto aliugua vipi, alisema nini kabla hajakata roho, mazishi yalikuwaje, safari ya kwenda hospitali kuchukua nguo zake. Mwishowe anaingia zizini, farasi anatafuna nyasi kavu, na Iona anamsimulia farasi yote. Kwa kanuni za ilani, hadithi hii ingepita pengine bila alama yoyote, au ingebandikwa neno moja, "msiba". Aliyefiwa akiisoma ataumia kuliko atakavyoumia kwa hadithi kumi zenye maiti, na pia ndiyo hadithi ambayo huenda akaihitaji zaidi. Orodha haiwezi kutofautisha kuumizwa na kueleweka.

Kwa mwandishi, haya yana matokeo ya moja kwa moja mezani. Kabla ya kumuua mhusika, afunike aya ya kifo kwa karatasi na kusoma zilizobaki. Kama hadithi haina tena kitu, kifo kilikuwa kimebeba kazi ambayo kurasa za mwanzo zilipaswa kuifanya, na dawa ni kurudi huko. Chanzo kipandwe mapema na katika sura ya kitu kisicho na makuu, kama mapazia ya Ivan Ilyich. Chanzo kinachojitokeza kwa mara ya kwanza katika aya ileile ya kifo husomeka kama mkono wa mwandishi. Mwandishi aamue pia, kwa makusudi, idadi ya maneno atakayokipa kifo chenyewe. Sentensi moja kavu baada ya kurasa kumi za uhai hubeba zaidi ya ukurasa wa machozi, na sababu yake ni kwamba msomaji analazimika kuifanya kazi ya kuomboleza mwenyewe. Chekhov alimwandikia mwandishi Lidia Avilova mwaka 1892 kwamba anapotaka kuamsha huruma kwa watu wenye shida ajitahidi kuwa baridi zaidi, ili huzuni yao ipate mandhari ya kusimama mbele yake. Vivumishi vya majonzi vinamnyang'anya msomaji kazi hiyo, na hotuba ya mtu anayekata roho kwa sentensi kamilifu inamnyang'anya hata imani yake.

Suala la nani anasimulia nalo huharibu hadithi nyingi. Nafsi ya kwanza inayokufa mwishoni inazua swali ambalo msomaji atauliza tu: basi haya anayasema akiwa wapi? Kuna njia za kulijibu. Mwandishi anaweza kuliachilia simulizi mikononi mwa mwingine, au kukata katikati ya kitendo, au kukubali tangu mstari wa kwanza kwamba msemaji ni mfu na kuishi na masharti ya uamuzi huo. Nafsi ya tatu inayomfuata mtu mmoja kwa karibu ina tatizo dogo zaidi lakini inadai uamuzi vilevile: akishakufa, jicho linakwenda wapi? Chekhov alilipeleka baharini. Katika "Theluji za Kilimanjaro" ya mwaka 1936, Ernest Hemingway alimpandisha Harry, mgonjwa anayekata roho hemani, kwenye ndege ya ndotoni inayoelekea kilele cheupe, kisha akalirudisha jicho hemani, kwa fisi anayelia na mke anayeamka akaona mguu uliooza ukining'inia nje ya kitanda, bandeji zimeteremka. Katika zote mbili jicho linasalia na wanaoendelea kuishi, au na ulimwengu unaoendelea. Mwandishi asiyefanya uamuzi huo huacha jicho lielee, na mwisho wake huwa ukungu wa maneno kama "giza" na "ukimya".

Darasani madhara ni ya aina nyingine. Wanafunzi huulizwa kifo cha fulani kinatufunza nini, nao hujibu walivyozoeshwa: tamaa ina mwisho mbaya, ulevi ni hatari, watoto wawatii wazazi. Usomaji huo unakifanya kila kifo kuwa hukumu, na kila marehemu kuwa mkosaji. Unashindwa kabisa mbele ya Gusev, na unashindwa pia mbele ya "Sherehe ya Bustanini" ya Katherine Mansfield, ya mwaka 1922. Humo mwendesha mkokoteni anayeishi chini ya kilima anafariki kwa kuanguka barabarani siku ambayo familia tajiri ya juu ina sherehe. Laura, binti wa nyumba, anataka sherehe isitishwe, wenzake wanaona ni upuuzi, na jioni anatumwa na kapu la mabaki ya chakula kwa wafiwa, kichwani bado amevaa kofia yake ya sherehe. Anaonyeshwa maiti, na anachokiona ni mtu aliyelala kwa amani, mbali na kofia na makapu yote. Anamwomba msamaha kwa ajili ya kofia. Akitoka anamwambia kaka yake, "Je, maisha si…" na hawezi kumalizia. Mwalimu anayetafuta funzo atalazimika kuimalizia sentensi hiyo kwa niaba yake, na akiimalizia ameiua hadithi. Maswali yanayozaa matunda ni yale yanayohusu nafasi na mpangilio: msomaji aliambiwa lini, kwa maneno mangapi, kupitia macho ya nani, na ni jambo gani la uhai lililowekwa karibu kabisa na maiti? Mwanafunzi aliyeulizwa kwa nini Mansfield aliiacha ile kofia kichwani mwa Laura atafika mbali kuliko aliyeulizwa juu ya dhamira ya kifo.

Kuhusu ilani yenyewe, mhariri anaweza kufanya mambo machache yenye manufaa. Aibakize kwa kujiua na ukatili ulioelezwa kwa kina, na aitaje kwa usahihi, "kujiua kumeelezwa", badala ya neno pana kama "kifo" ambalo linagusa karibu kila hadithi fupi nzito iliyowahi kuandikwa. Aiweke mahali inapofunguka kwa anayeitaka, asiigande chini ya jina la hadithi ambako kila jicho linalazimika kuipitia. Asimwandame mwandishi kwa orodha ya visanduku vya kutia alama wakati wa kupokea kazi, maana mwandishi mchanga anayeulizwa kama hadithi yake "ina kifo" ataanza kukiona kama kitu cha kuongezwa au kuondolewa, na ataandika hivyo. Na akipokea hadithi ambayo anahofia ilani itaiharibu, asiichape kwa kuacha ilani. Airudishe kwa mwandishi na kumwonyesha kurasa ambazo wahusika wake walipaswa kuishi.